Pimeni uvujaji wa umeme kabla ya kununua betri nyingine

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa magari jibu alilopewa msomaji mwenzetu aliyelalamika kwamba gari lake la miaka ya sabini humaliza betri kila likilala siku mbili tatu bila kutembezwa. Mshauri wenu alimwambia mambo mawili: anunue betri kubwa zaidi, na kila usiku achomoe kichwa cha betri kabla ya kwenda kulala. Naomba nafasi ya kulipinga shauri hilo, kwa heshima zote, kwa sababu wenye magari ya zamani hapa Mombasa ni wengi kuliko inavyodhaniwa, kuanzia Land Rover zinazokuja mjini kutoka Kwale na Kilifi hadi Peugeot 504 na Mercedes-Benz za W123 ambazo bado zinavuka daraja la Nyali kila asubuhi, na baadhi yao wamekwisha kutumia fedha nyingi kununua betri badala ya betri ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyokosekana katika jibu lile. Taa ndogo ya wati 5, ya aina inayowekwa ndani ya buti au katika kabati la dashibodi, hunywa takriban ampea 0.4 katika gari la volti 12. Ikibaki inawaka kwa saa 24 itakuwa imetumia karibu ampea-saa 10 (yaani ampea mara saa). Betri ya ampea-saa 60 iliyojaa haingoji kwisha yote ndipo gari ligome. Ikishuka hadi nusu, hasa ikiwa si mpya, stata, yaani mota ya kuwashia injini, huanza kukoroma, na nusu hiyo hufikiwa siku ya tatu. Kwa hiyo gari lililoegeshwa Ijumaa jioni laweza kugoma Jumatatu asubuhi kwa sababu ya taa ambayo mwenye gari haioni, kwani imefungiwa gizani pamoja na gurudumu la akiba. Ukinunua betri ya ampea-saa 90 umejiongezea siku moja na nusu, basi.

Tena hasara haiishii hapo. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi na kujazwa tena papo hapo. Haikuundwa kumalizwa polepole na kuachwa tupu. Inapoachwa hivyo, salfati ya risasi inayofunika mabamba yake hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiwezi tena kuziyeyusha zote, na kila mara ya namna hiyo huondoa sehemu ya uwezo wake isiyorudi. Joto letu la Pwani huongeza kasi ya mambo, maana kwa makadirio ya wanakemia mwendo wa mabadiliko ya aina hii hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto, ndiyo sababu betri iliyokaa bure Mombasa hujimaliza yenyewe, na mabamba yake kulika, mapema kuliko betri ile ile ikiwa kwenye baridi ya Limuru. Basi betri iliyonunuliwa mpya na kumalizwa mara kadhaa na taa ya buti huwa kweli imekufa baada ya miezi michache, na muuzaji akiipima na kukwambia imekufa hajakudanganya. Amesema kweli kuhusu betri. Kuhusu gari hajasema chochote.

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kuitenga betri na gari ili ijulikane nani anamla mwenzake. Betri ichajiwe ijae, iachwe itulie saa kadhaa, ipimwe: volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ni betri iliyokwisha chaji. Halafu waya wa hasi uchomolewe, betri ilale peke yake usiku kucha, na asubuhi ipimwe tena. Ikiwa imeshuka sana ilhali haijaunganishwa na kitu, ugonjwa umo ndani yake na mjadala umekwisha. Ikiwa imebaki pale pale, kisha ikashuka usiku unaofuata baada ya kuunganishwa, gari ndilo linalovuja. Jaribio hili halihitaji fundi wala karakana. Linahitaji mita ya mkononi, ile inayopima volti na ampea, ambayo bei ya aina ya kawaida haifiki robo ya bei ya betri mpya.

Kabla ya kuanza kusaka uvujaji ni haki pia kuuliza kama gari linapata chaji ya kutosha. Injini ikinguruma mwendo wa kawaida, vichwa vya betri vioneshe kati ya volti 13.8 na 14.5. Wengi wa Likoni wanajua adha ya foleni ya kivuko: unazima, unawasha, unasogea mita kumi, unazima tena, huku feni na redio vikiendelea. Watu husema kuwasha huko ndiko kunakoua betri, lakini stata inayovuta ampea 200 kwa sekunde mbili hutumia takriban sehemu moja tu ya kumi ya ampea-saa, deni linalolipwa kwa dakika chache za mwendo. Kinachoumiza ni kukaa muda mrefu na vifaa vikiwa vinafanya kazi injini ikiwa imezimwa, au injini ikiwa inanguruma polepole, na zaidi kwa magari ya kale sana ambayo mashine yao ya kuchaji betri ni dinamo badala ya oltaneta iliyokuja baadaye, kwa kuwa dinamo haitoi chaji ya maana injini isipoongezwa mwendo. Gari la namna hiyo si la kuvuja; ni la kushinda njaa, na dawa yake ni nyingine.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe, ambacho ndicho kiini cha barua hii. Mafundi wengi wa barabarani, nao ni watu ninaowaheshimu kwa mikono yao, hupima uvujaji kwa kugusisha kichwa cha waya kwenye nguzo ya betri na kutazama cheche. Cheche si kipimo. Redio ya kisasa iliyopachikwa katika gari la zamani hutoa cheche ya kwanza inapojaza vihifadhi-umeme vyake, kisha ikatulia na kunywa kiasi kisicho na madhara, na kinyume chake uvujaji wa sehemu moja ya kumi ya ampea, unaotosha kulaza gari baada ya siku kumi na mbili hivi, hutoa cheche ndogo ambayo jicho halitaiona chini ya jua la saa saba la Makupa. Njia sahihi ni kuchomoa waya wa hasi na kuiweka mita katikati, ncha moja kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye kichwa cha waya, ili umeme wote unaotoka usiku upite ndani yake. Ncha nyekundu lazima ihamishiwe tundu la ampea 10, na kwa hali yoyote mtu asiguse ufunguo wa gari wakati mita iko hapo, kwa sababu stata itaunguza fyuzi ya mita, au mita yenyewe, kwa kufumba na kufumbua. Pete na saa za chuma zivuliwe. Milango ifungwe, au swichi za milango zibanwe kwa kamba, ili taa ya ndani isihesabiwe kuwa mhalifu.

Anayeogopa kuunguza mita aanze na balbu ya wati 21 ya indiketa, iliyoungwa nyaya mbili na kuwekwa mahali pale pale pa mita. Ikiwaka kwa nguvu, gari linavuja vibaya na hakuna haja ya tarakimu. Isipowaka ndipo mita iwekwe, maana balbu hiyo haiwezi kuonesha mvujo mdogo. Nimependa njia hii kwa sababu hata fundi asiyekuwa na mita anaweza kuitumia leo hii kwa kifaa ambacho tayari kimo katika sanduku lake.

Je, mita ioneshe kiasi gani ndipo mtu alale usingizi? Gari la zamani lisilo na saa ya umeme wala redio yenye kumbukumbu halina sababu ya kutumia chochote likiwa limezimwa. Sifuri ni sifuri. Lenye saa na redio litumie sehemu chache tu za elfu za ampea. Magari ya leo yaliyojaa kompyuta huruhusiwa hadi kama ampea 0.05, na mafundi waliozoea magari hayo ndio wanaowaambia wenye 504 kwamba 0.05 ni kawaida. Kwa gari la mwaka 1975 hiyo si kawaida, ni dalili.

Nitoe mfano mmoja ambao niliushuhudia kwa ukaribu. Mzee mmoja wa Kizingo, mstaafu wa bandari, ana W123 ya petroli ambayo huitumia kwenda msikitini na sokoni, na siku nyingine halitoki kabisa. Alikuwa amekwisha badilisha betri zaidi ya mara moja, na karakana moja ikawa imemwambia kwamba nyaya zote za gari zimezeeka, zing'olewe ziwekwe mpya, kazi ambayo gharama yake ingeshinda thamani ya gari. Mita ilipowekwa ilionesha ampea 0.96. Huo si uzee wa nyaya. Nyaya zilizozeeka mara nyingi hukatika au huunguza fyuzi, ni nadra ziketi usiku kucha zikinywa ampea moja kwa utulivu. Kiasi kama hicho ni cha kifaa fulani kinachofanya kazi yake bila kuambiwa.

Kisanduku cha fyuzi cha gari hilo kimo chini ya boneti upande wa nyuma, na fyuzi zake ni zile za Kijerumani za enzi hizo, kijiti chenye ncha mbili zilizo wazi. Tulizichomoa moja baada ya nyingine huku tukitazama mita, tukirudisha kila moja kabla ya kugusa inayofuata, na ilipotoka ile inayolisha saa, taa za ndani na redio, tarakimu zikashuka mara moja hadi 0.14. Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika, kwa maana fyuzi haikutajii kifaa, inakutajia mtaa tu. Nyumba bado itafutwe. Taa ya ndani ilikuwa imezimika. Balbu ya buti ilitolewa, hapakuwa na tofauti. Tulipochomoa plagi nyuma ya redio, ampea 0.8 zikatoweka.

Redio yenyewe haikuwa na kosa. Mjukuu wa mzee alikuwa amemwekea amplifaya chini ya kiti cha nyuma kwa ajili ya msafara wa arusi, na fundi aliyeifunga, ili muziki upigwe hata ufunguo ukiwa mfukoni, aliunganisha waya mwekundu wa redio, ule wa kutii ufunguo, pamoja na wa manjano wa kumbukumbu kwenye umeme usiozimika, kisha waya mwembamba unaoiamuru amplifaya iamke akauunga papo hapo. Arusi ikaisha, spika zikatolewa, lakini amplifaya ikabaki macho usiku na mchana ikingoja wimbo. Ninavyoona mimi, uvujaji mwingi katika magari ya zamani hautokani na kiwanda kilichoyaunda bali na vitu vilivyoongezwa baadaye: redio, king'ora cha wezi, kifaa cha kufuatilia gari, tundu la kuchajia simu, taa za ukungu zilizounganishwa moja kwa moja na betri bila fyuzi kwa waya mwembamba uliofungwa tepu. Anayeanza kusaka na aanze na hivyo. Nyaya za kiwanda zina mpangilio na rangi zake. Za msafara wa arusi zina rangi yoyote iliyokuwa mkononi.

Wengi wangesimama hapo na kufurahi. Lakini ampea 0.14 zilibaki, nazo ni zaidi ya ampea-saa 3 kwa siku, yaani gari lingegoma tena baada ya siku tisa au kumi, na lawama ingerudi kwa betri. Fyuzi zote zikachomolewa, na mita ikaonesha 0.13. Hili huwashangaza watu: fyuzi zote ziko mezani, umeme bado unatoka. Sababu ni kwamba nyaya nene kuliko zote katika gari, za stata na za oltaneta, hazipiti katika fyuzi yoyote. Stata ikivuja huvuja kwa kishindo, kwa hiyo macho yetu yakaenda kwa oltaneta. Betri ikatengwa kabisa kwanza, kwa kuwa waya mnene wa oltaneta una umeme wakati wote na spana ikigusa bodi huyeyuka, kisha nyaya za oltaneta zikachomolewa na kufunikwa, mita ikarudishwa, na ilipowashwa ilionesha sifuri. Fyuzi zote ziliporudishwa, saa ya dashibodi ikiwa inaenda, hazikuzidi sehemu nne za elfu za ampea.

Ndani ya oltaneta mna diodi sita kubwa ambazo kazi yake ni kuuruhusu umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Moja ikilegea, umeme hurudi usiku kupitia hapo hadi kwenye koili na kupotea kuwa joto. Mvujo ukiwa mkubwa, asubuhi utaikuta oltaneta ina uvuguvugu ilhali injini ni baridi kama jiwe. Fundi wa oltaneta alibadilisha bamba la diodi peke yake, bila kumuuzia mzee oltaneta nzima, na nampongeza kwa hilo. Anayetaka kujua hali ya diodi zake bila kufungua kitu aiweke mita kwenye volti za umeme wa kwenda na kurudi (AC), aipime betri injini ikinguruma. Ikizidi nusu volti, diodi zina kasoro.

Na hapa, Mhariri, niseme jambo ambalo lingestahili barua yake. Upo mtindo uliozagaa mjini wa kupima oltaneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma: injini ikiendelea, husemwa oltaneta ni nzima. Mtindo huo ulirithiwa kutoka enzi za dinamo, na katika gari lenye oltaneta ni hatari kubwa, kwa sababu betri ndiyo inayoyatuliza mawimbi ya umeme, na inapoondolewa ghafla volti hupanda kwa kasi na kupiga diodi zile zile tulizozitaja pamoja na kidhibiti chaji. Kwa maneno mengine, kipimo kinazaa ugonjwa. Gari huingia karakana likiwa na betri chovu na kutoka likiwa na diodi inayovuja. Vivyo hivyo anayeazima moto kutoka gari jingine na kugeuza nyaya, chanya kwa hasi, huunguza diodi kabla hajasikia cheche. Naomba mafundi wanaosoma gazeti lako wauache mtindo wa kuchomoa; mita iliyowekwa kwenye volti inatoa jibu lile lile pasipo kuvunja kitu.

Wenye magari ya Kiingereza ya zamani zaidi, kama Morris Minor na Land Rover za mwanzo, wana hali yao ya pekee. Baadhi ya magari hayo hayana fyuzi zaidi ya mbili, na taa kubwa pamoja na mfumo wa kuwashia injini havimo hata katika hizo mbili, kwa hiyo kuchomoa fyuzi kutakufikisha karibu tu. Lililobaki ni kufungua nyaya kwenye viunganisho, moja moja, mchoro wa gari ukiwa mkononi. Aidha mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya sitini yana ethi ya chanya, yaani nguzo ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na mita iwekwe upande huo. Katika magari ya dinamo mtuhumiwa wa kwanza ni kisanduku cha kudhibiti chaji, chenye swichi ndogo ya sumaku inayopaswa kuachia injini inapozimwa. Ncha zake zikigandana, betri humwaga umeme wake ndani ya dinamo, na humwaga wingi. Redio ya kisasa ikifungwa katika gari kama hilo bila kujali ethi, huungua siku hiyo hiyo, kwa hiyo angalau haina nafasi ya kuvuja.

Chumvi ya bahari nayo ina fungu lake, ingawa nadhani tunaisingizia mengi. Inapokauka juu ya betri pamoja na vumbi na mvuke wa asidi hufanya utando unaopitisha umeme kutoka nguzo moja hadi nyingine, na ushahidi wake ni rahisi: weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi, na nyingine ipitishe juu ya plastiki ya betri, ukiona volti, huo utando unakula betri yako hata ikiwa imechomolewa. Maji yenye magadi yanatosha kuusafisha, mradi yasiingie ndani ya matundu ya kujazia. Mahali pengine ambapo chumvi huleta uvujaji wa kweli ni swichi za milango, ambazo hula kutu zikakwama na kuiacha taa ya ndani ikiwaka, na soketi ya kuvutia trela kule nyuma, ambayo hufunguka chini ya gari na kusahauliwa. Lakini kazi kubwa ya kutu ya kijani ni kinyume cha uvujaji: huzuia umeme usipite, chaji isifike, stata isipate nguvu. Fundi anayesema chumvi imemaliza betri aoneshe kwa mita ni njia ipi kati ya hizo mbili, maana kizuizi cha kutu huponywa kwa kusafisha vichwa na viunganisho vya bodi, na uvujaji sivyo.

Narudi kwenye shauri la kuchomoa kichwa cha betri kila usiku, au kuweka swichi ya kukata betri, ambayo siku hizi huuzwa kama dawa ya maradhi yote. Sipingi swichi hiyo kwa gari linalokaa miezi bila kutumika. Hata kwa usalama wa moto ni jambo jema. Napinga iwekwe kabla ya kipimo. Mficha maradhi kilio humfichua. Mvujo unaotokana na waya uliochubuka na kugusa bodi kwa unyevu hauwezi kubaki vile ulivyo, na swichi hiyo huukata gari likiwa limelala tu. Mchana, likiwa barabarani, waya ule ule unaendelea kupata umeme nyuma ya dashibodi, karibu na zulia na sponji za miaka 40. Mwenye gari atakuwa ameuondoa usumbufu uliokuwa ukimuonya na kuiacha hatari yenyewe.

Kuna na upande wa mji mzima. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi, yenye sumu, na Mombasa haihitaji kufundishwa risasi hufanya nini kwa watu. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, waliishi ukutani mwa kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu, watoto wakakutwa na risasi katika damu, na Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri kuukuu lazima iyeyushwe mahali fulani, na mahali hapo pana majirani. Betri iliyouawa na balbu ya wati 5, kisha nyingine, kisha nyingine, katika gari lile lile, ni risasi iliyoingizwa katika mzunguko huo bila sababu yoyote.

Kwa hiyo ninaomba mawili. La kwanza, ukurasa wenu wa magari umrudie msomaji yule na kumpa jaribio la kulaza betri peke yake pamoja na kipimo cha mita, kabla hajabeba betri ya ampea-saa 90 ambayo pengine haitatoshea hata katika kitako chake. La pili linawahusu mafundi wa umeme wa magari, kuanzia Shimanzi hadi Kongowea: katika risiti ya kila gari lililoletwa kwa malalamiko ya kumaliza betri, waandike ampea zilizoonekana gari likiwa limezimwa, kabla ya kazi na baada ya kazi. Mteja aliyepewa 0.96 na 0.004 katika karatasi ana kitu cha kulinganisha miezi sita baadaye gari likigoma tena, na fundi mwingine atakayeliona atajua aanzie wapi.

Wako,
Msomaji wa Ganjoni,
Mombasa